Kidevu Juu, Macho Chini

Jumapili, mwezi wa tatu. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani.

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na wajukuu hawajakupanda kichwani. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaokwenda mbio. Tafadhali isome barua hii hadi mwisho kabla hujamfungulia mtu yeyote mlango.

Uliniuliza habari za miguu. Imepona. Wajua nilivyosimama miaka mingi kiwandani nikipanga herufi za risasi za kuchapia vitabu, hadi vifundo vikavimba na viatu vikagoma. Daktari alinishauri mazoezi, nami nikajiunga na darasa la yoga chini ya jengo letu, chumba cha mikeka na ukuta mtupu. Mwalimu, tunayemwita Mama Pumzi, alinieleza kwamba damu hushinda ikizama miguuni, na kwamba mtu akiinua miguu juu ya kichwa anaupa moyo likizo. Nikamwambia mzee wa umri wangu akiinuliwa miguu, ni wa kwenda kuzikwa. Akanijibu kwamba maiti hawabishi hivyo.

Nilianza kwa kulala chali, miguu ukutani. Haikuchukua muda uvimbe ukanywea, mgongo ukaacha kulalamika, na usingizi, ambao kwangu ulikuwa mgeni wa kupita, ukahamia kabisa. Ndipo nilipokuandikia kwamba naiweza safari, nawe ukanijibu kuwa umeshanipakia rangi chumba.

Mwenzangu darasani ni mzee wa kwetu, fundi saa, mcheshi, tunamwita Mzee Majira. Yeye alitoka huko miaka mingi baada yangu. Mwezi uliopita aliniambia kwamba wakubwa wamemwita arudi kwenye kazi yake ya zamani, akataka tuongozane, kwani safari ya wawili haina umbali. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwelekeza kwako, mlango wa kijani nyuma ya karakana ya baiskeli, ili nikichelewa akuletee miwani niliyokununulia.

Jumatano Mama Pumzi aliniruhusu kwa mara ya kwanza kusimama kwa kichwa, mgongo ukutani, Mzee Majira akinishika vifundo. Nilipotulia, akainama kunichungulia, akaniuliza kwa utani kama bado napumua. Nikamtazama. Kidevu chake kilikuwa juu, macho chini, na chini ya kidevu kovu lililopinda kama ndoano, ambalo mtu akisimama mbele yako hulioni.

Mdogo wangu, sijawahi kukusimulia walichonifanyia kule nilikoshikiliwa kabla sijakimbia. Walinining'iniza kwa miguu kwenye boriti. Aliyekuwa akiniuliza maswali, mwenye kovu hilo hilo, aliinama hivyo hivyo, akauliza hivyo hivyo kama bado napumua. Uso wake niliujua ukiwa umepinduka tu. Ndiyo maana nimekaa na mtu huyu mwaka mzima, nikacheka naye, nisimtambue. Lakini mpanga herufi husoma maneno yakiwa kichwa chini, na alichokisoma hivyo hakimtoki.

Na vifundo vyangu vilikuwa mikononi mwake. Sikupiga kelele. Niliomba kushushwa, nikasingizia kizunguzungu. Aliniletea maji, akasema nimeganda kama niliyeona jini. Sijui kama amenitambua, au alinijua tangu siku ya kwanza. Tangu hapo usingizi umehama tena.

Swali lao lilikuwa moja: nani aliyeniletea zile karatasi za kuipinga serikali nizichape. Ulikuwa wewe, na jina lako sikulitoa. Nilichokificha nikiwa nimening'inizwa, nimempa mwenyewe nimekaa kwenye mkeka, tena nikicheka, hadi rangi ya mlango. Na kazi ya zamani anayoirudia, mimi nilidhani ni saa.

Barua hii anaileta muuguzi anayeondoka kesho. Atamtangulia Mzee Majira kwa siku kadhaa. Hamia kwa binti yako leo hii. Majirani waambie waseme ulishahama na hawajui ulikokwenda. Atakayekuja na miwani, asikuone.

Nisalimie wajukuu, na mkubwa wao umwambie babu anamkumbuka. Chumba kile kipe mwenye shida. Mimi sirudi.

Ni mimi kaka yako,
Mpanga Herufi