Kipimo Kilisema Hana Malaria

Nduguti, Jumanne usiku

Bado nina hasira na Daktari Mussa, ingawa mwishowe alikubali.

Asubuhi Mama Neema, mwenye mimba kubwa, aliletwa kituoni na mumewe akitetemeka kwa homa. Kipimo cha haraka kikasema hana malaria. Sikuridhika. Nilipoitazama damu yake kwa darubini, vimelea vya malaria vilikuwepo, tena vingi. Daktari akamwanzishia dawa papo hapo. Kwa hilo namshukuru.

Picha ya damu ile, bila jina la mgonjwa, niliituma kwenye kundi letu la watu wa maabara wa nchi mbalimbali. Dada Hirut wa Ethiopia akajibu upesi: "Hata kwetu kuna vimelea ambavyo kipimo hicho hakivioni. Tulichelewa kusema, tukazika watu. Peleka sampuli ichunguzwe."

Daktari aliposikia akang'aka. "Rehema, unataka dunia ijue vipimo vyetu vinadanganya? Watu wataacha kuja hapa!"

"Na wakija, tukawarudisha nyumbani na malaria yao, Daktari?"

Alitoka. Jioni akarudi, akasema niifungashe sampuli isafirishwe, ameshaongea na maabara ya mkoa.

Homa ya Mama Neema imeshuka. Mtoto anacheza tumboni.

Ila usingizi sina. Jana kipimo hichohicho kilisema Mzee Juma, yule mfugaji, hana malaria. Nikampa dawa ya maumivu, akaenda zake. Tangu jioni nampigia, simu haipatikani.

Alfajiri nakwenda kwao. Mungu wangu, nimkute hai.