Waya wa Nyumba Mbili

Požarevac, Jumapili, 16 Machi 2008

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Natumaini mgongo wako umepoa na kwamba zile dawa za kupaka zilizotumwa na shangazi zimekufikia. Mama aliniambia Vienna bado kuna baridi, na kwamba unakwenda kazini bila skafu kama kijana wa miaka ishirini. Tafadhali vaa skafu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, chumba changu hakina unyevu tena, na kazini wamekwisha kuacha kuniuliza mhandisi mzima anatafuta nini juu ya nguzo.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati ya sentensi, na mimi, kwa kuwa ni binti yako, hunyamaza. Barua haikatizwi. Unaweza kuikunja na kuitupa, lakini hata hapo itakuwa imeshasema yake.

Najua Dobrivoje wa ng'ambo ya barabara ameshakwambia. Alisimama getini kwake Alhamisi nzima, mikono mgongoni, akinitazama nikiwa juu ya ngazi kwenye ukuta wa nyumba yako, bisibisi mdomoni. Ni kweli, Baba. Niliyekuwa juu ni mimi. Ila Dobrivoje aliona mgongo wangu tu, na ningependa usikie mengine kutoka kwangu.

Ombi lilifika kwenye ofisi yetu ya simu mwezi uliopita: Vidosava, mjane wa Ratomir, kijiji cha Vrbava, anataka intaneti. Fundi Gvozden, ambaye ndiye mkubwa wangu, alilisoma kwa sauti na kuniuliza kama huyo si ndugu yetu. Nikamwambia ni mama yangu mdogo, mke wa marehemu baba mdogo, na kwamba kazi hiyo naichukua mimi. Akacheka na kusema kazi za jamaa ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu hulishwa mpaka hawezi kupanda ngazi.

Wewe utauliza mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwenye mbuzi wawili na bustani ya pilipili, ana haja gani na intaneti. Ni ya binti yake Mirka, Baba. Mirka anatimiza miaka ishirini na saba mwaka huu. Tangu amalize shule ya viziwi ya Kragujevac amekaa katika nyumba ile akishona nguo za watu, na katika kijiji kizima kuna watu wawili tu wanaoweza kuzungumza naye kwa mikono: mama yake, na mimi ninapokwenda Jumamosi kufungua madirisha yako. Wenzake wote wa shule wametawanyika. Siku hizi wanaongea kwa kamera, wanaonana mikono na nyuso kama wamekaa meza moja. Mirka alinunua kompyuta kwa pesa ya magauni ya harusi, na kwa miezi mitano kompyuta hiyo imekuwa ikicheza karata peke yake. Aliniambia, kwa mikono yake ile ya haraka, kwamba anaanza kusahau. Anatafuta ishara ya neno na haipati, kama mtu anayepapasa taa gizani. Anaogopa atabaki na maneno ya jikoni tu.

Basi tulikwenda, Gvozden na mimi. Mama mdogo hakuturuhusu kugusa kitu kabla ya kijiko cha jamu ya plamu na glasi ya maji, kisha kahawa, kisha kikombe cha pombe kali ya rakija ambacho Gvozden alikikataa mara moja tu, kwa adabu. Tulivua viatu tukapewa ndara. Nilipotoboa fremu ya dirisha kupitisha waya, mama mdogo alisimama nyuma yangu na kitambaa, akisema tundu hilo litaleta upepo, na upepo huo utamwingia Mirka shingoni anaposhona. Nilimwambia tundu ni jembamba kuliko penseli. Akasema upepo hauhitaji mlango. Nikaliziba kwa silikoni mbele ya macho yake, akapitisha kiganja hapo mara tatu, ndipo akaridhika.

Nilifunga soketi mpya na kichujio kinachotenga sauti ya simu na intaneti, nikaunganisha modemu, nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Nilipogeuka kuchukua koleo, mama mdogo alikuwa ameshaifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, kama anavyofunika redio na televisheni. Gvozden alikiinua kwa vidole viwili, akaeleza kwamba mashine hiyo hupumua, na ukiifunika itapata joto na kufa. Mama mdogo alikubali kwa shingo upande. Akakikunja kile kitambaa mara nne akakiweka chini ya mashine.

Kisha tukasubiri taa. Modemu ina taa moja ambayo hupepesa inapotafuta njia, na ikiipata hutulia. Ile haikutulia. Ilipepesa, ikazimika, ikapepesa tena. Mirka alikaa mbele yake, mikono magotini, bila yeye kupepesa macho. Nilijua sababu kabla ya Gvozden kuisema, maana niliijua tangu utotoni.

Simu yetu ni pacha, Baba. Unakumbuka vizuri. Ulikuwa Vienna mwaka ule walipoleta simu kijijini, na waya ulikuwa haba, kwa hiyo nyumba mbili zikapewa waya mmoja, kila nyumba na namba yake, na kisanduku katikati kinachogawa. Mmoja akiinua mkono wa simu, kwa mwenziwe ni kimya kama kaburini. Wewe ulituma pesa ya kuunganisha, baba mdogo Ratomir akachimba mtaro kutoka barabarani kwa mikono yake, na kisanduku kikafungwa kwenye ukuta wako, chini ya paa. Intaneti haipiti kwenye waya uliogawanywa hivyo. Ama nyumba moja iuachie waya, ama waongezewe mwingine. Gvozden alikwenda kwenye kabati la nyaya pale karibu na duka, akafungua, akahesabu, akarudi akitikisa kichwa. Hakuna waya wa ziada. Wala mwaka huu hautakuwapo.

Mama mdogo hakushangaa. Alisema, akimtazama Gvozden na si mimi, kwamba shemeji yake ameombwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuomba mwenyewe. Mara ya pili alinituma mimi, Agosti iliyopita, na wewe ulikuwa unaosha gari, hukuzima hata bomba. Ulisema, "Iache ilivyo, simu haiombi mkate." Nyumba yenye ghorofa tatu, Baba, ambamo ninyi mnalala wiki tatu kwa mwaka. Simu iko ukumbini chini ya nailoni. Majira ya baridi yote hakuna anayeipiga ila wewe, Jumamosi, kuniuliza kama mabomba hayajapasuka.

Gvozden alikusanya drili yake. Alisema sheria ni sheria, mwenye nusu ya pili asipoachia, sisi tunakwenda nyumbani. Kisha akanigeukia na ule utani wake: "Haya, binti wa bwana mkubwa. Mpigie baba."

Mirka aliniuliza kwa mikono tunasema nini. Nilimwambia. Unajua kwamba yeye humpa kila mtu jina la ishara. Gvozden, kwa saa moja tu, alikuwa ameshakuwa kidole kinachosokota sharubu. Mimi ni kidole kati ya nyusi, kwa sababu ati nimenuna tangu kuzaliwa. Wewe ni mkono unaozungusha funguo za gari. Alilitamka jina lako, akainua mabega, akaanza kuchomoa kompyuta yake ukutani. Taratibu tu, bila hasira, kama mtu anayeondoa vyombo baada ya wageni kukosa kuja.

Ningevumilia kilio. Ule utaratibu wake sikuuvumilia.

Nilivuka ua nikafungua nyumba yako. Nilivua viatu, maana hata peke yangu humo naogopa mazulia. Nilikaa ukumbini kwenye ngazi ya marumaru, nikaondoa nailoni, nikainua simu nikupigie. Nikasikia ule mlio wake, nikajua kwamba wakati huohuo, ng'ambo ya ua, simu ya mama mdogo imekufa kwa sababu ya mkono wangu.

Nilikumbuka sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Baba mdogo alikuwa bado hai. Alikuomba, mbele ya wageni, mtengane waya, mama mdogo asikike anapoita daktari. Na wewe ulisema, huku ukijimiminia divai, "Nyumba yenye bubu, simu ya nini?" Watu walicheka. Mama mdogo alinyanyuka akaenda kuleta kabichi za nyama. Mirka alikuwa ameketi pembeni yangu. Alipoona wote wanacheka, naye alicheka, akaniuliza ni utani gani. Nilimwambia ni kuhusu farasi.

Sijawahi kumwambia ukweli huo mpaka leo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale na simu sikioni nilijua pia jambo lingine. Ningekupigia, ungesema hapana kwa mara nyingine, na kuanzia hapo chochote ambacho ningefanya kingekuwa wizi. Mimi sikutaka kuiba, Baba. Nilitaka kutoa. Na ili mtu atoe, lazima kitu kiwe chake.

Ni changu. Labda umesahau. Nilipotimiza miaka kumi na minane ulifuta makazi yako hapa, kwa mambo yenu ya karatasi za Austria, na ukanipeleka posta tukaandikisha simu ya nyumba yako kwa jina langu. Ulisema ni jina tu. Mimi ndiye mteja. Tangu siku ile, nusu ya waya uliyokuwa ukiwanyima ilikuwa mkononi mwangu, na mimi nilikuwa nikikuomba kitu nilichokuwa nacho.

Nilirudi ng'ambo nikamwambia Gvozden kwamba mwenye nusu ya pili ameachia. Akauliza baba amekubali kwa urahisi hivyo? Nikamwambia hajaulizwa. Akaangalia kwenye karatasi zake, akaona jina. "Kumbe bwana mkubwa mwenyewe ni wewe," akasema, na safari hii hakucheka. Alinipa kalamu.

Kwa hiyo, Baba: simu ya nyumba yako haipo tena. Namba imekufa. Nilipanda ngazi ambayo Dobrivoje aliiona, nikang'oa kisanduku, nikavuta waya uleule, kwa kipande kipya, kutoka kwenye nguzo, juu ya miplamu, moja kwa moja hadi kwa mama mdogo. Hautagusa ukuta wako tena. Matundu ya skrubu nimeyaziba kwa saruji na kuyapaka chokaa. Gvozden alikwenda kabatini kupanga upya, na mimi nilikuwa bado juu ya ngazi nilipomwona Mirka anatoka mlangoni, mikono yote miwili hewani. Taa ilikuwa imetulia.

Sitairudisha. Usimtume Dobrivoje, wala usimpigie mkurugenzi wetu wa Požarevac uliyewahi kumletea chokoleti. Nimesoma miaka mitano kuhusu namna ya kufikisha sauti ya mtu kwa mtu, na nyumba yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba njia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, si mama mdogo. Yeye hadi naondoka alikuwa akiniuliza kama una habari, na nilimdanganya kwamba unayo. Uongo huo umekwisha leo.

Kuna jambo moja limebaki. Jioni ileile Mirka aliwapata wenzake. Walikuwa wamekusanyika kwenye chama chao cha viziwi Kragujevac, watu saba au wanane mbele ya kamera moja, wanasukumana. Chumba cha mama mdogo kilikuwa kimya kabisa, Baba, na sijawahi kuwa mahali penye maneno mengi kiasi kile. Mimi nilipata moja katika kumi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza imekuwaje leo, baada ya miezi yote. Mirka akajibu, na hilo nililielewa vizuri, maana lilianza na mkono unaozungusha funguo: baba mkubwa ametupatia waya wake.

Wote kule waliinua mikono juu na kuipepea, ndivyo wanavyopiga makofi. Walikupigia wewe.

Nilimshika Mirka bega nikamwambia si kweli. Nikamwambia hukutoa, nilitoa mimi, na wewe hata hujui. Alinitazama kama ananiona mjinga kidogo. Akasema anajua. Anakujua miaka ishirini na saba, na siku ile ya sikukuu aliijua pia, kwa sababu hakuna farasi anayewafanya watu wazima wamtazame mtoto namna ile. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie nimeshawaambia watu hivyo. Achague mwenyewe kama wataendelea kusema hivyo."

Basi nimekuandikia. Mama mdogo naye amewaambia wanawake wa kanisani, na Agosti mkifika kijiji kizima kitakuja getini kukushika mkono kwa wema uliomfanyia mtoto wa ndugu yako. Mimi nitakuwa nimesimama hapo kando yako. Sitasema neno. Nitasikiliza utawajibu nini.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umwambie soksi zimenitosha. Msalimie jirani yenu Mturuki wa ghorofa ya chini. Mama mdogo anakusalimu, amesema atawatumia pilipili za siki kwa basi la Ijumaa. Mirka pia anakusalimu. Salamu yake haiandikiki, lakini nilipomwuliza kama atalibadilisha jina lako la mkono wa funguo, alifikiri kidogo, akasema bado, tusubiri Agosti.

Akupendaye na asiyejuta,
binti yako,
Senka