Nimerudi Kwenye Vyuma, Dada

Temeke, Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi Somoe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitako, goti limeacha kukusumbua, shemeji na watoto hawajambo, na mvua ya huko Liwale imewatosha bila kuozesha mihogo. Mie huku ni mzima. Neno hilo mzima lishike kwanza. Mwambie anayekusomea alirudie mara mbili ndipo aendelee, maana yanayofuata yana kisu ndani yake.

Umeuliza mbona miezi sita kimya, au nimeoa mwanamke asiyetaka ndugu. Sijaoa, dada. Nililazwa hospitali, na nilipotoka nilikuwa nangoja kichwa changu kiamue.

Kichwa hiki unakijua kuliko mie. Nilikuwa na miaka minne, wewe tisa, mama yuko shambani, chungu cha uji kikapinduka. Pale utosini, upana wa kiganja, hapakuota unywele tena. Tangu nipate akili sikumbuki siku niliyotoka nje bila kofia. Hata huku, fundi cherehani mwenye baraza na wateja wake, kofia nilikuwa sivui. Hata jioni kwa Bwana Hassanali.

Huyo nilikwisha kukuandikia habari zake: ni Mhindi muuza mbao, na nyuma ya duka lake kuna uwanja tunakonyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe ni ekseli ya lori na makopo yaliyojazwa saruji. Wenzangu hunyanyua vifua wazi na vichwa wazi. Mie nilinyanyua na kofia yangu, nimeifunga uzi chini ya kidevu kama mtoto mchanga. Walikuwa waungwana, hawakuniuliza.

Siku moja sindano ya cherehani ikanipenya kidoleni, ikavunjikia ndani. Hospitali wakaniambia nivue kofia kabla ya kuingia kwa daktari. Daktari mwenyewe, Mzungu, alikitazama kidole mara moja, kichwa akakitazama muda mrefu.

"Hii nini?"

"Uji, Bwana Daktari."

Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba wakati wa vita alitengeneza askari walioungua. "Nyuma, kisogoni, una nywele nyingi. Naweza kukata ngozi hiyo, nakuja kupanda juu. Labda itashika. Labda hapana."

Nilikwenda na hiyo labda yake wiki tatu. Nilishona nayo, nilikula nayo. Wiki ya nne nikarudi, nikamwambia, "Panda."

Sikukuandikia. Ungesikia kisu na kichwa katika mstari mmoja ungekuja kwa miguu na goti lako hilo.

Siku kumi na mbili nililala kifudifudi. Dawa zilinifanya mwepesi, dada, sijui nikueleze vipi. Mchana mzima nilitazama sakafu ya saruji, jua likiingia dirishani na kusogea juu yake taratibu, na pazia linavuta pumzi na kushusha. Katika usingizi ule usio usingizi nilikuwa uwanjani kwa Bwana Hassanali. Ekseli ilikuwa inapanda yenyewe, polepole, kama moshi wa asubuhi unaopenya makuti, nami nimeishika tu isije ikaenda zake. Nikizindukia kwenye mto nilikuwa nimekunja vidole. Sijapata kunyanyua vizuri namna ile.

Kisha daktari akanitoa bandeji, akanionya. "Miezi mitatu hakuna kunyanyua. Ukikaza shingo, damu inapanda kichwani, ngozi mpya inafumuka. Hata ndoo ya maji, hapana."

Nikaitikia kwa adabu. Lakini mtu akikataliwa kitu alichokwisha kukifanya ndotoni, masikio yake hayasikii sawasawa.

Wiki ya sita masika yakachachamaa. Bi Nunu, mama mwenye nyumba ninayopanga, ana pipa lake chini ya mchirizi. Maji yakawa yanamwagika kuelekea chumbani kwake. Akasema, "Ngoja nikawaite vijana wa jirani, watatu wanatosha."

"Watatu?" nikamwambia. "Bi Nunu, mie nipo."

Nikalikumbatia pipa, nikalinyanyua, nikaliweka kando. Nilijisikia mfalme. Nikahisi joto linateremka nyuma ya sikio, nikadhani ni mvua.

"Athumani," akasema Bi Nunu, "hiyo mvua gani nyekundu?"

Akanishika mkono kama anayempeleka mtoto chuo cha Kurani, akanipeleka hadi hospitali. Daktari hakunigombeza. Alinishona tu, na huko kutogombezwa kuliniuma kuliko uzi. Baadaye sehemu ndogo ya ngozi ile, kiasi cha ncha ya kidole gumba, ikafa ikabanduka. Nililia, dada. Kwa kile kipande kidogo nililia kuliko nilivyolia kwa kichwa kizima.

Basi nikatulia. Kila jioni nilikwenda uwanjani nikakaa juu ya mbao za mninga, nikawatazama wenzangu. Bwana Hassanali aliniambia, "Kaa hapa. Macho yafanye kazi, shingo ipumzike." Harufu ya unga wa mbao, mihemo ya watu, jua limelegea kwenye mabati. Nilikaa nikapotea humo. Saa nyingine walimaliza wakavaa mashati yao, mie bado natazama chuma kilicholala chini. Nywele za ngozi mpya nazo zilipukutika zote, nikakata tamaa, kisha zikachomoza tena laini kama za mtoto, zimelalia upande wake zenyewe.

Mwezi wa nne tangu kisu, daktari akaniruhusu. Bwana Hassanali akanipa ubao mwembamba, si chuma. Nikaunyanyua mbele za watu, fundi mzima. Wiki iliyofuata ekseli tupu. Mkono niliozoea kuuamuru, sasa nikawa nauomba. Halafu kopo moja kila upande, halafu mawili.

Alhamisi iliyopita tukafika kwenye uzito wangu wa zamani. Nikainama kushika. Bwana Hassanali akasema, "Kofia."

"Kofia ina nini?"

"Inaniziba. Nitajuaje hilo ni jasho au damu? Vua nione, au acha chuma."

Watu saba walikuwa hapo. Mkono wangu ulikuwa mzito kwenye ule uzi wa kidevuni kuliko ulivyopata kuwa kwenye ekseli. Nikafungua. Nikaiweka kofia juu ya mbao.

Hakucheka mtu. Nikavuta pumzi, nikapandisha hadi kifuani, nikasimama hapo kidogo, nikasukuma. Ikapanda. Si kama ile ya ndotoni. Hii ilikuwa nzito, ilinikata viganja, magoti yakalia. Lakini ilipofika juu nikanyooka, na upepo ukapita katikati ya nywele zangu. Dada, nilikuwa sijui upepo una vidole.

Nilipoitua, Bwana Hassanali akaja akanipekua utosi kama mama anayetafuta chawa.

"Pakavu," akasema. Akaenda zake kufunga duka.

Sasa nakuomba kitu. Najua kwa nini kila ulipokuwa ukininyoa nyumbani ulinyoa kimya, na kwa nini uji hujaupika tena mpaka leo. Sikufanya haya ili kukusuta, wala kovu sikuwahi kulihesabu kuwa lako. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa, umeachiwa moto na mtoto mwenzio. Wapikie wanao uji, dada.

Jana nimekwenda kwa kinyozi, mara yangu ya kwanza maishani. Akanifunga shuka shingoni, akauliza, "Nikunyoe vipi, bwana?" Mtu wa miaka thelathini na moja, sijapata kuulizwa. Akangoja, mkasi mkononi, watu kwenye benchi wakangoja. Nikajitazama katika kioo chake kilichopasuka.

"Punguza pembeni," nikamwambia. "Juu paache."

Nisalimie shemeji, baba watoto, na uvumilivu wake. Nisalimie shangazi mkunga, na wanao wote, hasa huyo mdogo ambaye sijamwona uso. Bi Nunu anakusalimu, anasema mdogo wako ni mbishi lakini ana shukrani. Mungu akuweke.

Ni mie nduguyo wa ziwa moja la mama,
Athumani