Benchi la Mama Mkwe

Kakamega, Jumamosi, Agosti 1996

Mvua ya alasiri imenyesha ikaisha, na mabega yangu yameshuka kwa mara ya kwanza wiki hii. Mama yake Ayuma amekubali kubaki mjini.

Mambo yalianza kwa ubishi, kama kawaida yangu. Ayuma, jirani yangu, alikuja kwenye karakana yangu ya samani akitaka kiti. Mama yake ametoka Khwisero akiwa mgonjwa, na daktari anataka awe karibu na hospitali kwa miezi kadhaa. Ayuma na mumewe, Shiundu, wana sebule moja tu. Na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, sembuse kuketi pamoja. Kwa hiyo mama huyo alikuwa anashinda jikoni, juu ya gunia, akikohoa kwenye moshi. Alisema hali ikibaki hivyo, Jumapili anarudi kwake, na dawa zibaki na daktari.

Nilikuwa na hotuba tayari. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba desturi ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuivunja. Nikamwambia Ayuma wawili hao watazamane tu, dunia haitapasuka.

"Dada, wewe unapigananga na kila kitu," akanijibu. "Mimi nilikuja kwa kiti."

Nilikasirika. Kisha nikafungua kitabu changu cha michoro, maana ubishi haujawahi kumpa mgonjwa mahali pa kuketi.

Katika kitabu hicho sifuti kitu. Mchoro mbaya unabaki, na kando yake naandika ubaya wake. Mafundi wenzangu hapa mjini wananicheka. Wao wanaiga makochi ya katalogi, yaliyobuniwa kwa nyumba ambamo mama mkwe anakunywa chai na mkwe wake bila shida, halafu wanajiita wabunifu. Nimewaambia hivyo mbele yao na nitawaambia tena.

Kwanza nilichora pazia katikati ya sebule. Ayuma alimpelekea mama yake habari, na jibu likarudi: "Mimi sijakufa nifunikwe shuka." Nikaliandika kando ya pazia. Kisha nikachora kiti kinachoelekea ukutani. Mama niliyemchora juu yake alifanana na mtoto aliyeadhibiwa. Kisha kabati refu la kuwatenga. Sebule ikawa giza, na nao wakaonekana kama mahabusu.

Niliwatazama wale watu wawili wa penseli kwa muda mrefu.

Desturi inakataza macho. Haikatazi sauti.

Nikafunua kurasa za zamani, nikakuta ukuta wa ghala la mahindi niliouchora Malava: fito zilizopangwa ili upepo upite na mvua isiingie. Nikazigeuza kuwa mbao nyembamba zilizolala upande, nikazisimamisha katikati ya benchi refu. Wote wawili wanaelekea mlangoni. Kati yao sauti inapita, jicho halipiti.

Leo tumelipeleka benchi kwa mkokoteni. Shiundu alitoka nje ili mama aketishwe, kisha akaingia, wote wawili wameinamisha vichwa, akakaa upande wake. Ayuma alinishika mkono hadi ukaniuma.

"Mulembe, mama," Shiundu akamsalimu.

"Mulembe. Mkwe wangu, kumbe ni wewe unakoromanga hivyo? Mimi nilifikiria ni lori ya miwa."

Shiundu alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, upande wa pili wa mbao, kisha akamwita binti yake afungue mfuko aliokuwa ameshaufunga kwa safari ya kurudi kwake, atoe nguo azipange.

Bado siipendi desturi hiyo. Siku moja nitaiandikia maneno makali. Sijui kama nitayaandika bila kusikia kile kicheko.

Kesho ni Jumapili, na hakuna anayekwenda Khwisero.