Mutua, Ulikuwa Dirishani Kwangu

Mutua ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, nami nimekaa hapa Riyadh na kalamu tangu alasiri nikitafuta namna ya kumwuliza hali mtu aliyezikwa. Nimeshindwa. Basi nianze na lile nililokuwa nikilikimbia: mtandao haukukatika. Siku ile ya kesi yako mtandao wangu ulikuwa mzima kabisa.

Niache nilisogelee polepole, maana nikilisema lote kwa mkupuo nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana nyingine mbili.

Dada yako Ndinda alinipigia simu wiki tatu zilizopita. Alinieleza ulivyoanguka kwa presha ukiwa unafunga kamba za viatu, na mlivyokuzika nyuma ya nyumba ya baba yenu huko Machakos. Halafu akaniambia kwamba mchungaji, pale kaburini, alikuombea msamaha kwa ajili ya mtu uliyemkanyaga na gari Jeddah. Mzee wenu aliinamisha kichwa mbele ya majirani wote na hajakiinua mpaka leo. "Wewe na yeye mlikuwa pamoja huko," Ndinda akasema. "Baba anauliza, ni ukweli alikanyaga mtu akiwa amelewa?"

Umelewa! Wewe uliyekuwa ukikataa hata soda, ukisema sukari itakuua kabla ya kafili, mwajiri aliyekudhamini huku. Nilitaka kupiga kelele kwenye simu. Badala yake nilimwambia niko kazini, nitampigia baadaye. Sikumpigia, Mutua. Nilikata simu nikaendelea kupanga mafaili.

Unalikumbuka baraza letu. Kila Ijumaa baada ya alasiri, chumba cha nyuma cha fundi cherehani pale mtaa wa Kandara, Jeddah, viatu mlangoni, kahawa na tende katikati. Mkenya akikosana na Mtanzania, au Mtanzania na mwenzake, shauri lilikuja pale, si polisi wala mahakamani. Mzee Omari wa Mombasa, mwenyekiti wetu, alikuwa na neno moja kwa kila anayetishia kwenda kwa Waarabu: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Mimi nilikuwa katibu, na kaunta buku la baraza lilikaa kwangu. Hukumu ikishatolewa, ilisomewa Fatiha, na shauri lililosomewa Fatiha halikufunguliwa tena. Nyinyi Wakristo pia mliinua mikono. Wewe ulikuwa ukiinua ya kwako juu kuliko wote, kwa utani, mpaka Mzee akawa anakukata jicho.

Na ile hadithi yake ya makonsuli, jinsi alivyoipenda! Kwamba zamani, Unguja na kwenye bandari nyingine, mgeni wa taifa kubwa akikosa hakupelekwa kwa kadhi. Alipelekwa kwa konsuli wa kwao, akahukumiwa kwa sheria ya kwao na kwa lugha ya kwao. Mwenyeji aliyeumizwa na mgeni huyo ilibidi aende nyumbani kwa konsuli akashtaki huko, kwa mkalimani. Mzee aliyasimulia haya kana kwamba konsuli alikuwa babu yake. "Sisi hatuna manowari," alikuwa akimalizia, "lakini tuna baraza."

Siku moja ulimkatiza. "Mzee, na huyo konsuli, aliwahi kufunga mtu wake juu ya kuumiza mtu wa hapo?"

Chumba kizima kilicheka. Mzee akasema Mkamba ana maneno, akaomba kahawa nyingine, na swali lako likabaki pale chini na kokwa za tende. Ijumaa iliyofuata ulinikokota mpaka Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwenye zile nyumba kongwe zenye madirisha ya mbao, ukawa unaniuliza konsuli alikaa ipi na mshtaki alisimama mlango upi. Nilikuambia una wazimu, jua kali, twende tukale.

Miezi miwili baadaye ndipo yakatokea yale ya yadi ya kampuni yetu, wewe dereva wa lori, mimi karani. Nayaandika kama yalivyokuwa, maana kwenye kaunta buku niliyaandika vingine.

Ilikuwa Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Ulileta lori kutoka bandarini ukalisimamisha, ukaja dirishani kwangu kudai karatasi ya kutolea mzigo. Uliegemea kwa kiwiko ukanipigia mluzi, kama kawaida yako. "Karani, yalla, watu tuna njaa!" Mimi nilikuwa natafuta muhuri. Hamadi, msimamizi wetu, mkwe wa Mzee Omari, hakuwa na subira hata ya kungoja muhuri. Alipanda kwenye lori lako ambalo funguo zilikuwa ndani, akalirudisha nyuma kulitoa njiani. Hamadi ambaye leseni yake ilikuwa ya gari dogo tu. Tulisikia ukelele sote wawili kwa pamoja, kiwiko chako kikiwa bado juu ya meza yangu. Shafiq, yule kijana wa Bangladeshi aliyekuwa akifunga maturubai, alikuwa chini ya gurudumu la nyuma. Na kamera pekee ya yadi ilitazama geti.

Kampuni ilitaka jina la dereva kabla ya Jumapili. Ijumaa baraza likakaa.

Mzee Omari hakusema neno baya hata moja. Alisema Hamadi ana mke na watoto watatu hapa, hana leseni ya lori, akitajwa atafungwa na kufukuzwa nchini. Mutua ana leseni kamili, na bima ya kampuni humlinda mwenye leseni. Kwa hiyo Mutua akisema ni yeye, itaonekana ni ajali tu, bima itamtibu Shafiq, halas, yamekwisha. "Usimwage mtama kwenye kuku wengi," alisema. Watu wakatikisa vichwa kwamba ni busara. Ulinitazama mimi, Mutua. Hukumtazama Mzee, ulinitazama mimi, ukauliza, "Karani, wewe unasemaje?"

Nilijua ulipokuwa. Katika Jeddah nzima mimi peke yangu niliuona mkono wako juu ya meza yangu. Lakini Mzee Omari ndiye aliyenitafutia kafili nilipokuja, na wiki ile ile alikuwa ameniombea nafasi ya ofisi ya Riyadh. Nikasema, "Ni kitu kidogo, ndugu yangu. Yakienda vibaya nitasimama mimi niseme ulikuwa dirishani kwangu." Ndivyo nilivyosema, na sikuliandika kwenye kaunta buku.

Ukainua mikono kwa ajili ya Fatiha. Mara ile hukufanya utani.

Jioni ile niliandika taarifa yako kwa Kiarabu changu cha chuo, hati nzuri, "nilikuwa kwenye usukani," nawe ukaipiga chapa ya dole gumba. Naona haya hata kwa uzuri wa ile hati, maana niliichukulia muda kuipamba.

Yakaenda vibaya. Shafiq alikatwa mguu. Bima ilifanya kazi yake, lakini serikali nayo ilikuwa na haki yake, na kosa la kumlemaza mtu kwa uzembe halikuishia kwenye bima. Walipokukamata mimi nilikuwa nimeshahamia Riyadh, na tai mpya shingoni. Uliponipigia hukulia wala kulaumu. Uliuliza tu, "Karani, ile ahadi iko?" Nikasema iko.

Na hapa ndipo mabadiliko ya nchi hii yaliponivua nguo. Zamani ningesema Riyadh ni mbali, kafili hatoi ruhusa, na pengine mwenyewe ningejiamini. Lakini siku hizi shahidi anasikilizwa kwenye simu akiwa amekaa kwake. Ulimwomba hakimu shahidi wako asikilizwe, hakimu akakubali, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu na linki na saa. Nilifunga mlango wa ofisi. Niliiweka simu mezani. Saa ilipofika niliitazama ile linki ya buluu, na kidole changu kilikuwa karibu nayo kuliko kiwiko chako kilivyokuwa karibu na mkono wangu siku ile. Nilijua nikibonyeza, swali la pili la hakimu lingekuwa: basi taarifa hii ya uongo aliiandika nani?

Sikubonyeza. Nilisikia mtu akipita nje na toroli la chai, nikamwita, nikanywa chai. Mlinisubiri, baadaye niliambiwa mlinisubiri, hakimu akauliza mara mbili.

Jioni nikakutumia ujumbe: mtandao ulikatika. Baada ya siku nyingi ukajibu, nadhani uliazima simu ya mtu. "Pole karani. Hizi network ni shetani. Usijisumbue." Mpaka leo sijui kama uliniamini au ulinionea huruma. Nikifikiri uliniamini naumia, na nikifikiri ulijua naumia zaidi. Ulifungwa, ukarudishwa kwenu bila hata begi lako, na mimi nikakuandikia salamu za Krismasi.

Nikupe habari za huku. Riyadh ina treni sasa, na madam wa ofisini kwetu anajiendesha mwenyewe kuja kazini, kwa kasi ambayo ingekufanya ushike dashibodi. Mtu anaweza kubadili mwajiri bila kumpigia kafili magoti kama zamani. Baraza bado lipo Kandara. Hamadi amepata leseni ya lori na ameanza kukaa mkono wa kulia wa Mzee. Kwa kifo chako walipitisha dakika moja ya kimya, wakaniletea picha kwenye simu, wote wamesimama. Niliifuta ile picha, Mutua.

Wiki iliyopita nilipanda ndege kwenda Jeddah. Nilimtafuta Shafiq nikampata mtaa wa Sharafiya, anauza makava ya simu kwenye kiduka cha mjomba wake, gongo lake la kutembelea limeegemea ukutani. Nilikuwa nimejipanga nimwambie taratibu kwamba si wewe. Sikufika hata katikati.

"Ana malum," akasema. Yaani, najua. Aliuona uso wa Hamadi kwenye kioo cha pembeni kabla ya gurudumu kumfikia.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Mafi nafar sual," akasema. Yaani, hakuna mtu aliyeniuliza. Walipomwendea hospitali walimwuliza kama anasamehe, basi, na akasema anasamehe. Ile Ijumaa tulipokaa kuhukumu nani alimwumiza, nilihesabu vikombe vya kahawa kumi na viwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kwamba aitwe. Konsuli wa Mzee Omari angalau alimwacha mwenyeji asimame mlangoni. Ndipo nilipokumbuka swali lako la Balad, la mlango upi, na nikaelewa kwamba hukuwa na wazimu.

Akaniambia pia kwamba ulimtembelea hospitali kabla hujakamatwa, ukambebea ndizi, ukamshika mkono. Wewe ukijua anayajua, naye akijua unayajua, na hamkuwa na lugha ya kuyasemea. Hilo hukuwahi kuniambia. Nilirudi uwanja wa ndege kwa miguu nusu ya njia kwa sababu sikuweza kukaa kwenye teksi na dereva akiniangalia kwenye kioo.

Jana nilimpigia Ndinda. Nilimwomba anipe mzee. Nilimwambia baba yako kwa Kiswahili cha polepole: mzee wangu, mwanao hakumkanyaga mtu, hakuwa amelewa, alikuwa amesimama dirishani kwangu akidai karatasi, na aliyeandika kwamba ni yeye ni mimi. Nikadhani simu imekatika kweli. Kisha akauliza, "Na wewe, kijana, ulikuwa unangoja afe?"

Akasema niseme mbele ya wale waliosikia kaburini, si kwenye simu, na nikasema nitakuja. Kama nitakuja mwaka huu au baada ya kifungo, hilo sijui, kwa sababu liko jambo moja la kwanza.

Nimeandika taarifa nyingine kwa mahakama. Safari hii hati yangu ni mbaya, sikuipamba. Nimesema nani alikuwa kwenye usukani, nani alikuwa dirishani, nani aliandika uongo na kwa nini. Shafiq amekubali kuulizwa. Mzee Omari amenipigia mara tano leo, na ujumbe wake mmoja unasema shauri lililosomewa Fatiha halifunguliwi. Nimemjibu kwamba wewe ulikuwa Mkristo. Ungecheka, najua ungecheka.

Basi kwaheri, Mutua. Pumzika huko nyuma ya nyumba ya baba yako. Sikuombi unisamehe, maana ulishaniambia nisijisumbue na nikalitumia neno hilo vibaya. Nitakuja Machakos na nitasimama mahali mchungaji aliposimama.

Ujumbe wa mahakama umeingia muda mfupi uliopita. Jumatatu, saa nne asubuhi. Linki ni ya buluu, kama ile ya kwanza. Nimeshapitia ofisi zote za jirani nikawaambia siku hiyo mlango wangu utakuwa wazi, na kwamba chai sitaki.

Ni mimi,
Karani wako, Sefu