Bwana Yangu Anakataa Bapitishe Damu ku Bega

Mama Salomé mupenzi, nakuomba unisikilize, juu nimechoka kubeba hii neno peke yangu. Bwana yangu Ngondo, anashonaka makoti hapa Kamina, balimupeleka Lusaka mvua ilipokatika juu ya moyo wake, na mi nabakia nanyoosha mukono ku upande wake ya kitanda, nakuta paka shuka. Sasa munganga alimueleza kama wakati banatengeneza moyo, mashini njo itasukuma damu, na ile damu itarudia mu mwili kwa mupira banaingiza mu mushipa munene. Banaingizaka mu mushipa ya pale karibu na moyo, lakini yake iko ngumu sawa chokaa, bakiigusa vipande vinaweza kupanda ku bongo. Ya ku paja nayo imeharibika, damu ikitokea chini itasukuma uchafu uleule. Inabakia paka chini ya bega ya kuume. Njo mukono ya mukasi, na mupira inaweza kuikatia damu. Alinipigia, akasema, "Tamar, hii mukono ikikufa, nitarudia nikiwa muntu gani? Sema neno moja, nirudie." Mama, ile neno "rudia" ilikuwa tayari ku mudomo. Natamani nimusikie akiimba na uzi mu meno. Nilimwambia nitafikiri, na anangojea. Nikimuita, nimemupenda ao nimemuua?

Tamar, Kamina

Tamar mwanangu, hamu yako haina haya, na nakuhurumia. Lakini hamu haiko munganga. Ule moyo ni mugonjwa, njo sababu balimupeleka. Ukimuita atakuja, na utamuona akichoka mbele yako. Banganga habakuchagua bega bure. Balikataa zile njia zingine juu ya bongo yake.

Mupigie leo. Usiseme "fanya unavyotaka", ile ni woga. Mwambie aseme kwa munganga kama anashonaka, na amuulize mukono italindwa namna gani. Kuko bale banashonea kwanza kipande cha mushipa ya kutengenezwa pembeni, mupira inaingia mule, na damu inaendelea kushuka ku vidole. Aulize kama naye batamufanyia vile. Ajibiwe na munganga, si na mi.

Kisha mwambie ukweli: ulimutamani mupaka ulitaka kumurudisha mugonjwa. Mwambie kama mukono ikichoka, weye utashika mukasi, yeye atakuonyesha pa kukata. Akilia ku simu, usimunyamazishe.

Mama Salomé