Utepe Mwekundu wa Baba Wan-chen

Ghorofa ya Tatu, nyuma ya soko la kompyuta,
Barabara ya Bade,
Taipei.
Tarehe 16 Novemba

Mpendwa Dada Chin-luan,

Umekula? Nikikuandikia lazima nianze hapo, hata kama najua barua itakapofika São Paulo shemeji atakuwa ameshamaliza mkate wote mezani. Sisi huku tumekula, tumeshiba, na wote tu wazima. Mvua za baridi zimeanza, nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka soksi. Mgongo wako unaendeleaje? Zile plasta za dawa nilizokutumia ni zako, usiwagawie majirani. Nakujua.

Mama hajambo, isipokuwa magoti. Picha zako anazitazama kila siku baada ya chakula, kisha anasema umekonda. Kesho yake anazitazama zilezile na kusema umenenepa. Tuma nyingine, tupumzike.

Sasa habari yenyewe. Binti yetu Wan-chen anaolewa! Kaa kwanza, maana haikuwa rahisi, na kwa muda wa karibu mwezi mzima nilidhani haitakuwa kabisa.

Duka letu lipo palepale, bado tunauza vifaa vya kompyuta, na kinachotulisha zaidi bado ni kadi za michoro, zile zinazofanya michezo na picha zionekane vizuri kwenye kioo. Ulipokuwa ukinisaidia dukani, namba ikiwa kubwa kadi ilikuwa na nguvu zaidi, basi, yamekwisha. Siku hizi, dada, ni balaa. Kuna Tai 70, kuna Tai 70 Kuu, kuna Tai 70 Kuu Zaidi. Tai 60 ziko mbili, jina moja, boksi moja, ila moja memori yake ni nusu ya mwenzake. Na Tai 80 ya mwaka huu ukiifungua, ndani ni ile Tai 70 ya mwaka juzi, imevalishwa shati jipya tu. Mteja akifika nyumbani akagundua, hamtafuti mwenye kiwanda. Anakuja kumfokea Baba Wan-chen.

Mume wangu unamfahamu, akikasirika hapigi kelele, anatafuta kazi ya kufanya. Akanunua utepe mwekundu wa gundi na kalamu nene, akaanza kubandika kila boksi ukweli wake. "Ya mwaka juzi." "Memori nusu." Wakala wa kampuni hupita na kuubandua, naye humsubiri ageuze mgongo, anabandika tena. Kadi ambayo iko vilevile kama jina lake linavyosema huiandikia "Ndiyo yenyewe." Hizo ni chache, na akiandika hilo neno siku hiyo anakuwa na furaha mpaka usiku.

Basi Wan-chen akamleta kijana wake nyumbani. Anaitwa Yen-hung, mrefu, mpole, anavaa miwani, alikuja na kikapu cha machungwa akavua viatu vizuri mlangoni. Mimi nilimpenda kabla hajakaa. Nilikuwa nimekaanga samaki na tangawizi, Mama amevaa ile fulana yake ya sherehe. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka Baba Wan-chen alipomuuliza kazi yake.

"Niko kampuni ya kadi za michoro, Mzee. Idara ya mauzo."

"Humo unafanya nini hasa?"

Wan-chen alitaka kumpiga kijana teke chini ya meza anyamaze, ila teke likanipata mimi.

"Napanga majina, Mzee."

Baba Wan-chen akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Ahaa," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Si mimi peke yangu, Mzee. Tuko sita."

"Sita! Watu wazima sita, mmesoma, mmefungiwa chumbani na kiyoyozi, mkatoka na 'Kuu Zaidi'?"

Hapo Mama akaingilia. "Mwache mtoto wa watu ale. Mimi nimebadilisha jina mara mbili kwa yule mtabiri wa kule hekaluni Wanhua ili nipate bahati ya afya, nikalipa, nikachoma ubani, na magoti yananiuma vilevile."

"Umesikia?" mume wangu akamwambia kijana. "Hata Mama anajua."

"Sikusema kwa ajili yako," Mama akamjibu. "Nipe samaki."

Nilicheka wakati ule, lakini baadaye sikucheka. Mgeni alipoondoka Baba Wan-chen alitangaza kwamba hatajibu lolote kuhusu ndoa mpaka kijana huyo aje akae kaunta Jumamosi moja, awaeleze wateja majina yake kwa mdomo wake mwenyewe. Wan-chen alinililia jikoni. Alisema hawezi kumpa baba yake kikombe cha chai siku ya uchumba huku uso wa baba umegeukia ukutani, bora asiolewe. Dada, nilimkasirikia mume wangu sana. Nilimwambia usoni kwamba anamwadhibu binti yake kwa makosa ya maboksi. Akajibu, "Simwadhibu. Nataka kumjua." Tukalala tumegeuziana migongo.

Jumamosi Yen-hung alifika kabla hatujainua mlango wa chuma. Alileta pakiti ya kijani ya vile vitafunwa vya mahindi, akaiweka juu ya mashine ya malipo ili isigome, kama wafanyavyo watu wa mitambo huku kutafuta baraka. Baba Wan-chen akaichukua, akaigeuza kuangalia kama haijapita muda wake, maana iliyopita muda huleta nuksi. Ilikuwa nzuri. Akairudisha palepale.

Asubuhi ilikwenda. Kijana alieleza, akatoa jasho, akachanganyikiwa na majina yake mwenyewe, na kuna mahali ilibidi amuulize mume wangu ipi ni ipi. Nikaona mume wangu anajizuia kutabasamu. Kisha akaja yule mama anayeuza uji wa samaki kona ya pili. Binti yake anasomea kutengeneza katuni, na mama wa watu alikuwa na tangazo mkononi. Alitaka Tai 80.

Sasa sikiliza. Wakati huohuo alitokea Bwana Chiu, mkuu wa idara ya Yen-hung. Jumamosi hupitapita sokoni kuangalia maboksi yao yamepangwaje. Akasimama mbele ya duka letu na kikombe chake cha chai ya maziwa, anamtazama kijana wake amekaa kwenye kaunta ya watu, anashangaa.

"Eti kijana," yule mama akauliza, "hii themanini si inaishinda ile sabini?"

Yen-hung akawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika fundo la waya, na nakwambia kweli, niliomba aseme ukweli, na papo hapo nikaomba asifukuzwe kazi. Sikujua miungu inisikilize lipi.

"Mama," akasema, "ndani ni ileile sabini ya mwaka juzi. Jina hili nilipendekeza mimi, unisamehe. Hapo rafuni imebaki sabini moja, kazi ni ileile na bei ni ndogo. Chukua hiyo."

"He! Sasa mlibadilisha ya nini?"

"Hata mimi nilijiuliza, mama."

Yule mama alicheka hadi akashika kaunta. Alinunua sabini, na jioni alituletea uji. Bwana Chiu hakucheka. Alimaliza chai yake taratibu, akatupa kikombe, akaondoka. Baba Wan-chen akaanza kufuta miwani yake. Alipomaliza akaifuta tena.

Jumatatu kijana aliitwa ofisini, na nyumba hii haikula chakula cha mchana. Mwisho wake ukawa mdogo kuliko hofu yetu. Wamemtoa kwenye majina, wamempeleka idara ya matengenezo, mshahara haukuguswa. Anasema huko kadi zinamfikia zikiwa uchi, bila boksi, na analala vizuri. Mama anadai ni yeye aliyemwombea. Mwache adai.

Usiku huo Baba Wan-chen alisema maneno mawili tu: "Agizeni keki." Alimaanisha za uchumba, ndivyo tulivyojua kwamba amekubali. Tulipiga vigelegele, nikamsamehe nusu. Lakini tangu siku hiyo hajatamka neno moja zuri juu ya Yen-hung. Anampa kazi za dukani, anamsahihisha, anamwita "huyo wa majina." Wan-chen anatabasamu mbele za watu, ila jana alikunja nguo huku ananiambia, "Ameniruhusu kuolewa, Ma, lakini mtu wangu bado hajampokea." Nikachukua shati, nikakunja naye. Moyo wangu umejaa furaha, dada, isipokuwa hapo tu.

Harusi ni mwezi wa kwanza, kabla ya mwaka mpya wetu. Njoo. Najua nauli ni kubwa na mgongo unasumbua, lakini Mama haulizi tena kama utakuja, anauliza utalala upande gani wa kitanda chake. Mwaliko nimeuweka humu. Boksi la keki za uchumba linakuja kwa posta, uwagawie ndugu wa huko, na shemeji umfiche mpaka wote wapate.

Nisalimie shemeji, mwambie tambi nilizomwahidi zipo. Msalimie mwanao Jun-hao na mkewe, na umbusu kitukuu kwa niaba ya Mama, maana ameniagiza niandike hivyo. Wan-chen anakusalimu sana, anasema wewe ndiwe utakayemvisha bangili. Mbingu zikulindie afya yako, zikulainishie mgongo, zikufikishe huku salama.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Bi-hsia

N.B. Nimefungua bahasha tena. Nilikuwa nimeiacha mezani dukani nikaenda kumpa Mama chai, na niliporudi nikataka kuutazama mwaliko mara ya mwisho. Pembeni ya jina la Yen-hung utakuta kipande cha utepe mwekundu. Usidhani ni uchafu wa posta, na tafadhali usikibandue, njoo nacho hivyohivyo. Maandishi unayafahamu, ni ya kalamu nene. Ameandika: "Ndiye mwenyewe." Nimemwita Wan-chen aje aone kabla sijafunga.